Jina Chini ya Buli

Jumamosi moja tulikuwa tumebanana kwenye chumba tunachokutania, vijana kumi na wawili na viti saba, chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, tunasubiri mvua ikate ili tuanze kusomeana kazi zetu. Mwenzetu mmoja alikuja na kitabu kikubwa cha picha alichokinunua kwa wauza vitabu wa mitumba. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya mezani vya fedha vya Marekani ya zamani: mabuli ya chai, madele ya kahawa, bakuli, vijiko, vikombe vikubwa vya bia vyenye vifuniko. Kitabu kikazunguka mkono kwa mkono. Kila mmoja "duh!" yake. Halafu mwenye kitabu akatoa hukumu: "Mnaona? Mtu mmoja, nyundo moja, jina moja. Hivyo ndivyo msanii anavyotakiwa kuwa. Siyo nyinyi mnaotaka kila aliyeshika karatasi atajwe."

Alikuwa ananisema mimi. Wiki mbili kabla nilikuwa nimependekeza kwamba kijigazeti chetu kiandike jina la kila mtu aliyeifanyia kazi hadithi au shairi: aliyehariri, aliyetafsiri, aliyechapa, aliyechora. Nikazomewa. Eti naleta mambo ya chama cha wafanyakazi kwenye sanaa. Eti msomaji anataka mwandishi, hataki orodha ya harusi.

Siku ile sikujibu, maana sikuwa na la kujibu. Nilikwenda kusoma. Leo najibu, na nitajibu kwa vyombo vilevile vya kwenye kile kitabu. Shahidi wake ndiye atakayekuwa shahidi wangu.

Tuanze na hiyo "nyundo moja".

Sisi Waswahili tumebahatika katika jambo hili, kwa sababu lugha yetu inalijua tangu zamani. Tunasema fedha kwa maana ya madini, na tunasema fedha kwa maana ya pesa. Katika makoloni ya Waingereza kule Amerika, karne ya 17 na 18, vitu hivi viwili vilikuwa kweli kitu kimoja. Benki ya kuwekea akiba hazikuwepo. Mwenye mali alipokusanya sarafu nyingi alizipeleka kwa mfua fedha, zikayeyushwa, zikawa buli au bakuli lenye alama ya familia yake. Mwizi akiiba mfuko wa sarafu huna ushahidi. Akiiba buli lenye herufi za jina lako, unalitangaza gazetini na mafundi wote wa mji wanalitambua. Siku ya shida, buli linarudi motoni na kuwa pesa tena. Masonara wa Oman na wa pwani yetu nao walifanya hivyo hivyo kwa riale za Maria Theresa: pesa inaingia kwenye moto, bangili inatoka.

Sasa jiulize, sarafu zenyewe zilitoka wapi? Sehemu kubwa zilikuwa riale za Wahispania, zilizopigwa Mexico na Potosí. Potosí ni mlima ulioko nchi ya leo ya Bolivia. Machimbo yake yalianza mwaka 1545, na kuanzia miaka ya 1570 watawala wa Kihispania waliwalazimisha wenyeji wa vijiji kupeleka watu wao kwa zamu, wakachimbe gizani na kusaga mawe yaliyochanganywa na zebaki. Kwa hiyo kabla hata fundi wa Boston hajaokota nyundo, fedha ile imeshapita mikono mingapi? Mkono wa kwanza ni wa mtu aliyelazimishwa. Hakuna chapa ya mtu huyo popote.

Tuingie karakanani. Kazi ya kufua buli siyo jambo la mtu mmoja na msukumo wa moyo. Sarafu zinayeyushwa kwenye chungu cha moto mkali. Mtu wa kuvukuta mivuo lazima awepo. Fedha inamiminwa kwenye kalibu, inatoka tofali dogo. Tofali linafuliwa kwa nyundo nzito mpaka liwe bamba. Kazi hii ya jasho mara nyingi ni ya vijana. Bamba linakatwa duara, na hapo inaanza kazi ya kuinua: duara linawekwa juu ya fuawe, linapigwa kidogo kidogo huku likizungushwa, mpaka ukingo unyanyuke na kuwa ukuta wa chombo. Lakini fedha ina tabia yake. Ukiigonga sana inakuwa ngumu, na ukiendelea kuigonga inapasuka. Basi kila baada ya mzunguko inarudishwa motoni, inawiva, inalainika, inaanza upya. Fundi mzuri ni yule anayejua lini aache kugonga.

Baadaye nyundo zenye uso laini zinafuta makovu ya nyundo za kwanza. Mdomo wa buli na miguu yake vinatengenezwa pembeni, vinalehemiwa. Mkono wa kushikia unawekwa wa mti, kwa kuwa fedha inapitisha joto na ingemuunguza mwenye kumimina. Kisha kuna kusugua na kung'arisha. Mwisho kuna nakshi, na mara nyingi mchora nakshi alikuwa fundi mwingine kabisa. Pale Boston, Nathaniel Hurd alisifika kwa kuchonga nembo za familia, na alichonga hata kwenye vyombo ambavyo hakuvifua yeye.

Ndugu zangu, hiyo nyundo moja iko wapi?

Mwenzangu atasema: sawa, lakini jina ni moja, na kitabu kimeandika "Paul Revere, Boston". Twende basi kwa Paul Revere mwenyewe, maana ndiye anayetajwa kuliko wote.

Baba yake alizaliwa Ufaransa akiitwa Apollos Rivoire. Alikuwa Mprotestanti, na kule kwao Waprotestanti walikuwa wakiandamwa. Alifika Boston akiwa kijana mdogo, akawekwa uanagenzi kwa fundi John Coney. Coney akafariki mwaka 1722 kabla ya mkataba kwisha. Mali za marehemu zilipoorodheshwa, pamoja na nyundo na mafuawe, waliandika pia muda uliobaki wa yule kijana, miaka kama mitatu na nusu, wakauthamini pauni 30. Kijana akajikomboa kwa kulipa, akalegeza jina lake ili majirani waweze kulitamka, akawa Paul Revere. Mwanawe alirithi jina na kazi. Kwa hiyo hata jina hili kubwa lilianza kama mstari kwenye orodha ya vitu vya mtu mwingine, kati ya nyundo na koleo.

Mwana naye hakuwa peke yake. Karakana yake ilikuwa na wanagenzi, mafundi wa kulipwa, mdogo wake Thomas, na baadaye mwanawe. Vitabu vyake vya hesabu vipo mpaka leo, na vinasema wazi kuliko wasifu wowote: bei ya uzito wa fedha inaandikwa mbali, bei ya kazi mbali, nakshi nayo ina bei yake. Yeye mwenyewe alijua kwamba chombo ni jumla ya kazi nyingi. Sisi ndio tumejifanya hatujui.

New York alikuwepo Myer Myers, aliyezaliwa mwaka 1723, Myahudi, mmoja wa wafua fedha wakubwa wa wakati wake. Watafiti waliovichunguza vyombo vyenye jina lake wameonyesha kwamba vilipita kwenye mikono ya mafundi mbalimbali aliowaajiri au aliowapa tenda. Chapa inasema Myers. Mikono ni ya wengi.

Je, basi chapa ni uongo? La hasha! Na hapa naomba tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo mjadala wetu wa Jumamosi ulipopotea njia.

London kulikuwa na ofisi ya kupima fedha. Chombo kilipelekwa, kikachunguzwa kama kina sehemu 925 safi katika 1000, ndipo kikagongwa mihuri rasmi. Boston na New York za wakati ule hazikuwa na ofisi kama hiyo. Mnunuzi alikuwa na kitu kimoja tu cha kumlinda, chapa ya fundi. Herufi mbili tatu chini ya chombo zilikuwa zinasema: fedha hii haikuchanganywa shaba kupita kiasi, na ikigundulika vinginevyo, nitafute mimi, duka langu liko mtaa fulani. Jina lilikuwa dhamana. Halikusema "mimi peke yangu nimekifanya hiki kwa mikono yangu miwili". Maana hiyo tumeibandika sisi baadaye, sisi wapenda mashujaa, na wauzaji wa vitu vya kale wanaopandisha bei kwa jina.

Tofauti kati ya "nawajibika" na "nimefanya peke yangu" inaonekana ndogo. Nitaonyesha gharama yake kwa mwaka mmoja tu, mwaka 1768.

Mwaka huo, Boston, wanachama 15 wa kundi la Wana wa Uhuru walimwagiza Revere bakuli la fedha. Lilikuwa la kuwaenzi wabunge 92 wa Massachusetts waliokataa amri ya kufuta barua yao ya kupinga kodi za Uingereza. Bakuli lina uzito wa aunsi 45 na ujazo wa gili 45, kwa sababu namba 45 ilikuwa toleo la gazeti la John Wilkes lililomkasirisha mfalme kule London. Majina ya wale 15 yamechongwa kuzunguka ukingo. Mwaka 1949 Makumbusho ya Sanaa ya Boston ililinunua kwa michango ya watu, ikiwemo senti za watoto wa shule.

Mwaka huohuo 1768, mchoraji John Singleton Copley alimchora Revere akiwa bila koti, kashika kidevu kwa mkono mmoja na buli kwa mwingine. Mezani mbele yake pana vyombo vya kuchongea nakshi, na buli bado halijachongwa. Picha nzuri, sibishi. Ndiyo picha iliyotufundisha "mtu mmoja, nyundo moja".

Na mwaka huohuo 1768, Charleston, Carolina Kusini, mfua fedha aitwaye Alexander Petrie alikuwa amekufa na mali zake zinauzwa. Katika mali hizo alikuwemo mtu anaitwa Abraham. Kazi yake imeandikwa: mfua fedha. Alikuwa mtumwa. Mfua fedha mwingine wa mji ule, Jonathan Sarrazin, alimnunua kwa pauni 810.

Tulia hapo, msomaji. Mtu halipi pauni 810 kwa kijana wa kuvukuta mivuo. Sarrazin alikuwa mwenye kazi, anajua fundi ni nani. Alilipa bei ile kwa sababu mikono ya Abraham ilijua kufua, na iliijua kazi hiyo ndani ya karakana ya Petrie. Leo madele ya kahawa yenye chapa ya Petrie yanatunzwa na kusifiwa. Je, ni lipi kati ya hayo ambalo Abraham aliliinua kwenye fuawe? Chapa haisemi. Chapa haikumjua. Bei yake tunayo, jina lake moja tunalo, lakini hatuwezi kunyoosha kidole kwenye chombo hata kimoja tukasema: hiki ni cha Abraham.

Hiyo ndiyo gharama ya "jina moja". Ukishaamini kwamba jina lililo chini ya buli ndilo lililofanya kila kitu, hutamtafuta Abraham, maana hakuna nafasi aliyoachiwa. Na sukari ya ndani ya kile kikopo cha fedha pembeni ya buli? Ililimwa Karibea na Waafrika waliouzwa kama yeye. Meza nzima ya chai inang'aa kwa kazi ya watu wasiotajwa, na katikati yake jina moja linapigiwa makofi.

Yupo aliyefanikiwa kuupenya ukuta huo. Peter Bentzon alizaliwa mnamo 1783 katika visiwa vya Karibea vilivyokuwa chini ya Denmark, mtu huru mwenye damu ya Kiafrika. Alijifunza ufundi Philadelphia, miaka saba ya uanagenzi, kisha akafanya kazi huko na katika kisiwa cha St. Croix. Aligonga chapa yake mwenyewe, P. BENTZON. Kikombe chake cha mwaka 1841 kipo mpaka leo. Angalia alivyofanya: hakusema majina hayana maana. Alilitaka jina, akalifanyia kazi miaka saba, akaligonga kwenye fedha. Kwa hiyo wale wanaonidhania nataka tufute majina, wananisingizia. Nataka yaongezeke.

Sasa nijibu hoja mbili nilizozisikia.

Ya kwanza: bila mwenye karakana hakuna karakana. Yeye ndiye aliyetafuta wateja, aliyekopa, aliyebeba hasara. Kweli kabisa. Ndiyo maana jina lake likae chini ya buli kama dhamana. Mwandishi naye jina lake likae juu ya hadithi, kwa maana hadithi ikiwa mbovu atukanwe yeye, asitukanwe mhariri. Lakini kubeba dhamana hakumpi mtu haki ya kumeza jasho la wenzake. Mbona kitabu cha hesabu cha Revere kilitenganisha fedha, kazi na nakshi? Kama daftari la duka liliweza, ukurasa wa mwisho wa kijigazeti utashindwaje?

Ya pili: wasanii wamekuwa wakichukuliana tangu zamani, acheni wivu. Haya, tumuulize tena Revere. Mwaka 1770, baada ya askari wa Uingereza kuua watu kwenye mtaa wa King pale Boston, kijana Henry Pelham alichora picha ya mauaji yale. Revere akaiona, akaichonga kwenye bamba la shaba, akaiuza kabla Pelham hajaitoa ya kwake. Pelham alimwandikia barua ya uchungu akimlaumu kwamba amemwibia. Picha ile ikawa maarufu dunia nzima, na mpaka leo watu wengi wanaiita picha ya Revere. Mtu yule yule aliyetoka kuwachongea Wana wa Uhuru bakuli! Sisemi hili kumvunjia heshima. Kazi zake nazipenda. Nasema kwamba aliyeibiwa aliumia wakati ule ule, kwa hiyo tusijidanganye kwamba zamani kuchukuliana kulikuwa hakuumi.

Nami nina la kwangu. Miaka michache iliyopita mzee mmoja, mtu mwenye nafasi yake, alinipa karatasi zake za kumbukumbu nimsaidie "kuzinyoosha kidogo". Kidogo kile kilikuwa miezi mitano. Sura tatu niliziandika upya kuanzia sentensi ya kwanza. Nililipwa nauli na chakula cha mchana. Kitabu kilipotoka nilikifungua kwenye ukurasa wa shukrani, nikasoma mpaka jina la dereva wake. La kwangu halikuwemo. Nilikaa kwenye daladala nikakisoma kitabu nilichokiandika kama mtu aliyekinunua.

Lakini nisijifanye malaika. Shairi langu lililosifiwa sana kwenye toleo lililopita, ule mwisho wake, mstari ule mnaoupenda, nilipewa na dada mmoja wa kikundi chetu tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu. Alisema, "Mbona usimalizie hivi?" Nikamalizia hivyo. Jina lake sikuliweka. Aliliona gazeti, akanipongeza, hakusema kitu. Kumbe nami ni Revere mdogo! Ndiyo maana pendekezo langu siyo fimbo ya kuwachapia wengine. Naanza kuchapwa mimi: toleo lijalo shairi lile litasahihishwa, na jina lake litakuwepo, ameniruhusu.

Kwa wenzangu mnaoanza kuandika, nina neno moja zaidi. Tunalipenda mno jina kabla ya kuifua fedha. Mtu ana mashairi manne na tayari ana jina la kisanii, picha ya jalada na ugomvi na wahariri. Mwanagenzi wa Boston alikaa miaka kama saba akifua mabamba ya vyombo vitakavyogongwa chapa ya mwingine. Uonevu ulikuwepo, nimeshausema. Lakini ufundi nao ulikuwepo, na ufundi hauna njia ya mkato. Rasimu ikigongwa mfululizo inakuwa ngumu na kupasuka. Irudishe motoni, iache ilainike, uanze tena. Mpe mwenzako aigonge unapochoka. Akikusaidia, mtaje.

Basi narudia pendekezo langu, na safari hii nataka lipigiwe kura. Jina la mwandishi libaki juu, kubwa, kama dhamana. Chini, kwa herufi ndogo, tuandike nani alihariri, nani alitafsiri, nani alichapa, nani alichora, na nani alitoa mstari. Ni mistari miwili tu ya wino. Karatasi tunayo.

Na wewe mwenye kitabu cha picha, ndugu yangu, njoo nacho Jumamosi. Tutakifungua pale penye dele la kahawa la Charleston, kama limo, na tutachukua kalamu ya risasi. Pembeni ya jina la fundi tutaandika kwa mkono wetu: na Abraham, labda.